Jedwali Katika Wiki: Kazi Iliyokuwa ya Fundi Sasa ni ya Kamati



Katika toleo hili tunapenda kuwaeleza jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza linaonekana dogo, nalo ni namna ya kutengeneza jedwali katika ukurasa wa wiki. Baadhi ya kamati za parokia zimetuuliza kwa nini hatutaki tena taarifa za vituo vya maji zibaki katika daftari peke yake. Baadhi ya wafadhili nao wametuuliza takwimu tunazowatumia zinajazwa na nani. Maswali haya mawili yana jibu moja, na jibu hilo limo ndani ya jedwali.

Kwanza tuondoe utata wa jina. Tulipolitaja neno hili kwa mara ya kwanza mbele ya wanakamati wa Ngerengere, mzee mmoja aliuliza, "Wiki ipi? Hii au ijayo?" Watu walicheka, lakini swali lake lilikuwa la haki. Wiki tunayoizungumzia hapa haihusiani na siku saba.

WIKI NI NINI?

Wiki ni tovuti ambayo msomaji aliyeruhusiwa anaweza kuibadilisha hapo hapo anapoisoma. Anabonyeza neno "Hariri", anaandika, anahifadhi, na wenzake wote wanaona mabadiliko. Mmarekani Ward Cunningham ndiye aliyeanzisha wiki ya kwanza mwaka 1995. Jina alilichukua katika lugha ya Hawaii, ambako neno hilo lina maana ya "haraka", baada ya kulikuta kwenye mabasi ya uwanja wa ndege wa Honolulu. Wiki inayojulikana kuliko zote ni Wikipedia, kamusi elezo iliyoanza tarehe 15 Januari 2001. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na leo ina makala nyingi, zikiwemo makala za kata mbalimbali za Tanzania.

Programu inayoendesha Wikipedia inaitwa MediaWiki. Inatolewa bure, na ofisi yoyote yenye kompyuta inaweza kuiweka na kuwa na wiki yake, ya wazi au ya ndani. Sisi tunatumia wiki ya ndani. Kila kigango kina ukurasa wake, na katika kila ukurasa kuna jedwali la vituo vya kuchotea maji.

Jambo moja linaitofautisha wiki na daftari. Wiki haisahau. Kila badiliko linatunzwa katika historia ya ukurasa, pamoja na jina la aliyelifanya, siku na saa. Akikosea mtu, ukurasa wa jana unarudishwa kwa kubonyeza mara moja au mbili. Kwa watu wanaotunza fedha za wengine, hii ni kinga kwa pande zote mbili.

KILICHOTUPATA NGERENGERE

Wasomaji wetu wa mbali huenda hawaifahamu Ngerengere. Ni kata ya Wilaya ya Morogoro, mashariki ya mji wa Morogoro, kwenye Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani kuanzia mwaka 1905. Leo ina pia kituo cha reli mpya ya SGR, ambayo ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024. Jina lake ni la mto. Mto Ngerengere unaanzia katika milima ya Uluguru, unaingia Bwawa la Mindu ambalo ni chanzo kikubwa cha maji ya Manispaa ya Morogoro, kisha unazunguka kuelekea mashariki hadi kuungana na Mto Ruvu. Milimani maji yapo. Huku chini tambarare, watu wanategemea visima, mabomba na utaratibu mzuri wa kuvitunza.

Utaratibu huo una gharama. Watumiaji wanachangia kwa ndoo, mtunza hazina anapokea, fundi analipwa, kipuri kinanunuliwa. Hivyo jedwali letu lilikuwa na safu nne tu: kituo, makusanyo, matumizi na baki.

Katika mkutano mmoja jedwali hili lilisomwa mbele ya wanakijiji, na kituo kimoja kikaonekana kimetumia fedha nyingi kuliko zilizokusanywa. Safu ya baki ilikuwa tupu. Mtunza hazina wa kituo hicho, mama anayeheshimika, alisimamishwa na kuulizwa fedha nyingine alizipata wapi, na kwa nini hakuandika baki. Alijibu kwamba daftari lake liko sawa. Hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu maandishi ya kompyuta yalionekana kuwa na uzito kuliko daftari lenye madoa ya mafuta. Ilibidi daftari liletwe, lisomwe mstari kwa mstari, ndipo ikajulikana kwamba kosa lilikuwa letu. Mwandishi wa ofisi yetu, alipokuwa akiingiza takwimu, aliacha kistari kimoja.

Tulimwomba mama yule radhi mbele ya watu wale wale. Lakini tulirudi ofisini na swali: inawezekanaje kistari kimoja kimfanye mtu mwaminifu aonekane mwizi?

ALAMA ZINAVYOFANYA KAZI

Ili kulijibu swali hilo, ni lazima tuone jedwali la wiki lilivyoandikwa kwa ndani. Tuchukue mfano mwepesi wa Reli ya Kati yenyewe. Jedwali la miaka ambayo reli ilifika katika miji mitatu linaandikwa hivi:

{| class="wikitable"
! Mwaka !! Reli ilifika
|-
| 1907 || Morogoro
|-
| 1912 || Tabora
|-
| 1914 || Kigoma
|}

Alama ya kwanza, yenye mabano na kistari, inafungua jedwali. Alama ya mshangao inatangaza vichwa vya safu. Kistari cha wima pamoja na kistari cha kulala vinaanzisha mstari mpya. Vistari viwili vya wima vinatenganisha kisanduku na kisanduku. Mwisho jedwali linafungwa.

Mpango huu wa vistari ulibuniwa katika miaka ya mwanzo ya Wikipedia, na wakati ule ulikuwa nafuu kubwa. Kabla yake mwandishi alilazimika kuandika alama ndefu za HTML kwa kila mstari na kila kisanduku, kuzifungua na kuzifunga. Kwa aliyezoea, vistari ni vyepesi. Kwa katibu wa kigango anayekutana navyo mara moja kwa mwezi, ni mtego.

Mtego wenyewe ni huu. Ukiandika kistari kimoja mahali pa viwili, kompyuta haikuonyi. Inadhani kwamba maneno yaliyo kabla ya kistari ni maelekezo ya kupamba kisanduku, kama vile rangi au upana. Kwa kuwa si maelekezo yanayoeleweka, inayatupa. Tuonyeshe kwa takwimu za mfano. Kituo kimekusanya shilingi 60,000, kimetumia 25,000, baki ni 35,000. Mwandishi anaandika:

| Kituo A || 60,000 | 25,000 || 35,000

Kati ya 60,000 na 25,000 kuna kistari kimoja. Ukurasa ukifunguliwa, 60,000 haipo. Chini ya "Makusanyo" imekaa 25,000, chini ya "Matumizi" imesogea 35,000, na "Baki" ni tupu. Anayesoma anaona kituo kimekusanya kidogo, kimetumia zaidi, na hakina cha kuonyesha. Hicho ndicho kilichomkuta mtunza hazina wetu.

NAFUU ILIVYOKUJA

Tatizo hili halikuwa la Ngerengere peke yake. Watu wengi duniani walikuwa wakifungua ukurasa wa kuhariri, wanakuta alama zimejaa, wanafunga na kuondoka. Wanaoendesha Wikipedia walilitambua hilo, na mwishoni mwa mwaka 2008 walipata ufadhili wa kurahisisha uandishi kutoka Stanton Foundation ya Marekani. Matunda yake yalionekana mwaka 2010, pale upau mpya wa zana ulipowekwa juu ya sanduku la kuandikia. Katika upau huo palikuwa na kitufe cha jedwali. Mwandishi alichagua idadi ya mistari na safu, na alama zikajiandika zenyewe. Hata hivyo, kuzijaza bado kulihitaji kuzunguka katikati ya vistari.

Hatua kubwa zaidi ilikuja na kihariri kiitwacho VisualEditor, ambacho kilianza kutumika kwa upana mwaka 2013. Kwa kihariri hiki mwandishi haoni alama. Anaona ukurasa kama utakavyosomwa, kama mtu anayeandika barua kwenye kompyuta. Mwanzoni hakikuweza kutengeneza majedwali. Uwezo huo uliongezwa mwaka 2014, na baadaye ukaongezwa uwezo wa kuhamisha mistari na safu, na wa kuingiza faili zima la takwimu kwa mara moja.

Kwa ofisi ndogo kama yetu kulibaki kikwazo kimoja. Ili VisualEditor ifanye kazi katika wiki yako mwenyewe, ilikuwa lazima uendeshe programu nyingine ya pili pembeni, kazi iliyohitaji fundi wa kompyuta. Kuanzia toleo la MediaWiki 1.35, lililotoka mwaka 2020, kihariri hiki kinakuja pamoja na programu yenyewe, na ile programu ya pembeni haihitajiki tena. Wenye wiki ya zamani ambayo haina kihariri hiki wanashauriwa kwanza kuhifadhi nakala ya takwimu zao, kisha wapande kwenye toleo jipya.

NAMNA YA KUTENGENEZA JEDWALI

Hatua tunazowafundisha makatibu wa vigango ni hizi:

1. Fungua ukurasa wa kigango chako, ubonyeze "Hariri". Usibonyeze "Hariri chanzo", maana huko ndiko kwenye alama.

2. Weka kishale mahali unapotaka jedwali liwe. Fungua orodha ya kuingiza vitu iliyo juu, chagua jedwali. Jedwali tupu litatokea.

3. Bonyeza mara mbili ndani ya kisanduku, uandike. Anza na mstari wa juu, ambao ni wa vichwa vya safu.

4. Ukitaka kuongeza au kufuta mstari au safu, bonyeza kisanduku kimoja, kisha bonyeza mshale mdogo unaotokea pembeni au juu ya jedwali, uchague unachotaka.

5. Ukimaliza, andika kwa maneno machache ulichobadilisha, kwa mfano "makusanyo ya Machi yameongezwa", kisha hifadhi. Umeme wetu mnaufahamu, hivyo hifadhi mara kwa mara.

Kwa wale ambao tayari wana takwimu katika Excel au programu inayofanana nayo, hakuna haja ya kuandika upya. Chagua visanduku unavyovihitaji, nakili, kisha bandika katika ukurasa uliofunguliwa kwa kuhaririwa. Jedwali litaingia na mistari na safu zake. Vilevile unaweza kuburuta faili la aina ya CSV na kuliachia ndani ya ukurasa. Hapa kuna tahadhari moja. Katika faili la CSV mkato ndio unaotenganisha safu. Ukiliandika faili hilo kwa mkono na kuweka 60,000, kompyuta itasoma 60 katika safu moja na 000 katika safu nyingine. Andika 60000 bila mkato.

Kwa simu kazi hii bado ni ngumu. Simu inafaa kusomea jedwali na kusahihisha neno, lakini kulijenga jedwali jipya tunashauri litumike kompyuta ya ofisi ya parokia.

URAHISI HAUONDOI WAJIBU

Tungependa kuwa wakweli kwenu. Kihariri kipya kimeondoa kosa la kistari, lakini hakiwezi kuondoa kosa la mtu aliyeandika takwimu ambayo haipo katika daftari, wala kosa la kamati ambayo haikukubaliana nini maana ya "matumizi". Je, nauli ya fundi ni matumizi ya kituo au ya kamati? Je, ndoo alizopewa bure mama mgonjwa zinaandikwa wapi? Hayo hayajibiwi na kompyuta. Ni lazima yajibiwe katika kikao, kabla ya jedwali kutengenezwa.

Kutokana na uzoefu wetu, tunashauri kamati zizingatie mambo yafuatayo:

- Kubalianeni kwanza safu, tena ziwe chache. Jedwali lenye safu zaidi ya sita halisomeki vizuri kwenye simu, na wengi wa wasomaji wenu wanatumia simu.

- Kipimo kiandikwe kwenye kichwa cha safu, kwa mfano "Makusanyo (Sh.)". Ndani ya visanduku ziwe namba tupu, ili jedwali likipangwa kuanzia ndogo hadi kubwa lipangike sawasawa.

- Kisanduku kisiachwe tupu. Kama hakuna fedha iliyokusanywa, andikeni 0. Kama takwimu haijaletwa, andikeni "haijaletwa". Tupu inaweza kusomwa kwa namna tatu tofauti, na mojawapo ni tuhuma.

- Jedwali la wiki halijumlishi. Hesabu zifanyike katika daftari au Excel, zihakikiwe na watu wawili, ndipo ziingizwe.

- Daftari lisitupwe. Kukitokea tofauti, mnarudi kwenye daftari lenye sahihi.

- Awepo angalau mtu mmoja katika kila parokia anayefahamu zile alama za ndani. Siku jedwali likiharibika, yeye ndiye atakayefungua "Hariri chanzo" na kuona palipokosewa.

KILICHOBADILIKA

Zamani katibu wa kigango alituletea karatasi, mwandishi wa ofisi akaiingiza, mtu wa tatu akaandika taarifa kwa wafadhili. Takwimu moja ilipita katika mikono mitatu, na mikono miwili kati ya hiyo haikuwahi kukiona kituo chenyewe. Aliyeruhusiwa kuandika alikuwa yule anayejua alama, hata kama hajui maji. Anayejua maji alibaki kuwa mleta karatasi.

Sasa anayejua ndiye anayeandika. Katibu anajaza jedwali la kigango chake mwenyewe, mbele ya mtunza hazina, daftari likiwa wazi mezani. Sisi ofisini tunasoma na kuuliza maswali. Tukiona jambo la kutilia shaka, tunafungua historia ya ukurasa kabla ya kumwita mtu yeyote. Tumejiwekea kanuni kwamba hakuna atakayeulizwa hadharani juu ya takwimu ya kompyuta kabla haijalinganishwa na daftari. Tuliijua thamani ya kanuni hiyo kwa kumwaibisha mtu asiye na kosa, nasi hatutaki kuijua mara ya pili.

Kwa wafadhili wetu, jedwali mnalolipokea katika taarifa sasa ni lile lile wanalolisoma wanakijiji. Hatutengenezi jingine kwa ajili yenu. Mkiuliza takwimu fulani iliingizwa lini na nani, tunaweza kujibu. Na mkiona "haijaletwa" katika kisanduku, msidhani kwamba tumezembea kujaza. Tumeona ni heri kuwaonyesha pengo kuliko kulifunika.

TUNACHOWAOMBA

Tunaziomba kamati za parokia zitekeleze mambo matatu kabla ya toleo lijalo. La kwanza, mchague watu wawili wa kujifunza kuhariri, na angalau mmoja wao awe mtunza hazina au katibu wa kituo cha maji. Kijana anayejua kompyuta anakaribishwa, lakini asije peke yake. La pili, mkae kikao mkubaliane juu ya safu za jedwali lenu na maana ya kila safu, mkiandika makubaliano hayo juu ya jedwali lenyewe. Mkialike chombo chenu cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii (CBWSO), kwa kuwa takwimu hizi ni zao pia. La tatu, msome jedwali hilo kwa sauti katika mkutano wa watumiaji, pamoja na daftari.

Wafadhili tunawaomba wazidi kutuuliza maswali. Swali lililoulizwa kwa upole linatusaidia kuona kosa mapema.

Yule mama mtunza hazina bado yupo katika kazi yake. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kujifunza kuhariri, na siku ya kwanza alipomaliza kujaza mstari wake alihesabu visanduku kwa kidole, kuanzia kushoto hadi kulia, mpaka alipoona baki imekaa chini ya baki. Kisha akahifadhi mwenyewe.